Kilo za Ukutani

Mzee Gramu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu ya ule ugonjwa wake wa kupima kila kitu. Miaka thelathini na sita alitengeneza pikipiki, na katika miaka yote hiyo hakuna chuma kilichofunguliwa kikawekwa chini kabla hakijaning'inizwa kwenye mizani ya ndoano na uzito wake kuandikwa ukutani kwa chaki. Watu walimcheka. "Mzee, siku hizi umefungua bucha?" Wala hakujali. Alikuwa na mchezo wake: kabla ya kupima, alikishika kile chuma, akakipandisha na kukishusha mara mbili, akataja kilo. Kisha ndipo mizani iulizwe. Na mizani, nakwambia, haikuthubutu kumbishia. Akisema kilo nne na robo, ni nne na robo. Wateja waliweka dau la soda, wakaliwa, wakaweka tena, mpaka wakachoka.

Binti yake alikulia humo humo gereji akichezea nati, wateja wakamwita Robo. Jina likamganda. Sasa ana miaka thelathini na minne, anachomelea chuma vizuri kuliko wanaume wengi wa mtaa ule, na bado ni Robo.

Halafu kiharusi kikampiga mzee, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Mkono wa kushoto ukafa kabisa. Mguu wa kushoto ukabaki wa kuburuta. Macho yakawa hayashiki tena maandishi madogo. Na kuna kitu kingine kiliondoka, ambacho daktari hakukitaja lakini Robo alikiona: hesabu. Mtu aliyekuwa akijumlisha safu nzima ya ukutani kwa kichwa huku anapiga mluzi, sasa ukimwuliza nane na tisa ni ngapi aliuliza kama chai iko tayari.

Miezi minne hakusema neno la maana. Alilala katika chumba kile ambacho dirisha lake linatazama uwanja wa gereji, uso kaugeuzia ukutani. Shangazi, dada yake mzee, alihamia pale kumuuguza. Alimlisha, akamkaripia, akamwombea dua, akamkaripia tena. Wapi! Robo aliingia kila asubuhi akauona mgongo wa baba yake, akatoka. Kazi za wateja alizifanya huku machozi yakimlenga nyuma ya kile kinyago cha kuchomelea, ambacho uzuri wake ni kwamba hakuna anayekuona.

Siku mzee alipofungua kinywa, hakuomba maji wala hakumuulizia mtu. Aliulizia pikipiki.

Alimaanisha ile yake kubwa, ya safari ndefu, iliyokuwa chini ya turubai kwenye kona. Dude hasa. Kioo cha mbele kipana kama cha gari, masanduku matatu ya mizigo, redio, na kiti cha nyuma chenye mgongo wa kuegemea, alichokalia mke wake mpaka mwaka aliofariki. Walizunguka nalo nchi nzima, wawili hao, na kurudi wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Lile ni kilo mia tatu na sabini," alisema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo. "Na mimi nimebaki nusu mtu. Livue, Robo. Nalo libaki nusu. Tutakuwa saizi moja."

"Nilivue vipi, baba?"

"Lifanye boba. Nataka nifike mwisho wa barabara nirudi. Mara moja tu."

Boba, kwa asiyejua, ni pikipiki iliyovuliwa nguo. Kioo hakuna, masanduku hakuna, madigadi ya mbele hakuna na ya nyuma yamekatwa yakabaki kipande. Kiti kimoja cha ngozi, kimekaa chini, na ukikosa pa kumpakia mwenzako, shauri lako. Inabaki injini, fremu, magurudumu, tangi, na wewe.

Robo alijua palepale kwamba haiwezekani. Injini ya dude lile peke yake wanaume watatu waliishusha wakitukanana. Ungevua mpaka rangi, usingeshuka chini ya kilo mia mbili na hamsini. Baba yake wa zamani angelijua hilo kabla ya kumaliza sentensi. Lakini alikuwa amezungumza, jamani! Baada ya miezi minne, baba alikuwa amegeuka kutoka ukutani na kumtazama.

"Sawa, baba," akasema. "Tutaanza kesho."

Wakaanza. Shangazi alimkokota mzee hadi kwenye kiti cha plastiki katikati ya gereji, akamfunika miguu kwa shuka, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Huyu kaka yangu akili imehama," alisema, "na wewe binti unamfungulia mlango." Robo akachukua spana. Alifungua sanduku la kwanza la mizigo, la kulia, akamletea baba yake.

Mzee akaliweka kwenye mapaja, akapenyeza mkono wa kulia chini ya mpini wake, akalinyanyua. Mkono ukatetemeka. Mishipa ya shingo ikamtoka. Mara ya kwanza, mara ya pili.

"Kilo kumi na moja," akasema akihema.

Robo akalitundika kwenye ndoano. Mshale ukapanda, ukacheza, ukatulia kwenye sita.

Akautazama mshale ule kwa muda. Akageuka akamwona baba yake anasubiri, kidevu juu, na macho yale mabovu yamemkazia kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Katika mwili ule kulikuwa na kiungo kimoja tu alichokuwa bado anakiamini, nacho ni ule mkono. Wewe ungesemaje? Ungemwambia, mzee, umekosea karibu nusu kwa nusu?

"Kumi na moja kamili," akasema Robo. "Baba, wewe ni mchawi."

Mzee akacheka. Kicheko chenyewe kilimtoka kombo na mate kidogo, lakini kilikuwa kicheko. Shangazi mlangoni akashika mdomo. Robo akachukua chaki akaandika ukutani, kwa tarakimu kubwa ambazo baba yake angeweza kuziona: 11.

Ndivyo ilivyoanza. Sanduku la kushoto, kumi na moja. Lilikuwa sita vilevile. Sanduku la juu alilikisia kilo tisa, nalo lilikuwa nne na nusu. Kioo cha mbele na fremu yake, kumi na nne. Eksozi mbili ndefu, ishirini na mbili. Kila kitu kilikuwa kizito kwa mkono ule, na kila uzito alioutaja Robo aliuandika. Mizani ikawa pambo. Alikitundika kitu, akautazama mshale kwa adabu, kisha akasoma alichokwisha ambiwa. Usiku alipolala alijiambia kwamba anampaka baba yake mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwamba kesho ataacha. Kesho ilipofika, mzee alikuwa ameshanyoa ndevu akimsubiri.

Maana alikuwa ananyoa sasa! Anakula na kuomba nyongeza. Anamtania dada yake kuhusu meno yake ya bandia. Alimwambia Robo amfungie mpira wa tairi kwenye nguzo ya kitanda, akawa anauvuta kwa mkono wa kulia asubuhi na jioni, akihesabu kwa sauti na kurukaruka tarakimu. "Kila kilo inayotoka kule inarudi kwangu," alisema. Mtaalamu wa viungo alipokuja kumpima alishika mguu wa kushoto, akaukunja, akaukunjua, akamwita Robo pembeni. "Huu mguu hauna jipya," alimwambia. "Lakini moyo umepanda. Endeleeni na hilo mnalofanya." Robo alitamani ardhi impasukie.

Siku ya kufungua kiti cha nyuma, mzee alikikumbatia kifuani kwa muda mrefu. Hata Shangazi aliacha kufagia.

"Kilo saba," akasema mwishowe.

Kilikuwa mbili na nusu.

"Saba," akasema Robo.

"Basi mama yako hakuwa mzito kumbe. Miaka yote ile nilimsingizia, kumbe ni kiti." Akacheka, akafuta jicho, akakirudisha. Robo aliandika 7.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, hilo lazima lisemwe. Alikata fremu ya nyuma kwa grenda akachomelea kipande kipya kilichopinda kwa chini, mshono wake laini usioonekana. Akalishusha tangi. Akaihamishia klachi kulia, iwe wenzo wa pili karibu na ule wa breki, ili mkono mzima ubebe kazi zote mbili. Gia zikabaki kushoto, kwa kuwa mguu ule uliburuta lakini bado uliweza kukanyaga. Akapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Boba ikatoka nyembamba, ya chini, kali. Wapita njia walisimama kuiangalia.

Na ukutani, hesabu ikafika. Robo aliijumlisha mbele ya baba yake siku ya Jumamosi, kwa sauti, kipande kwa kipande. Zilizotoka ni kilo mia moja na themanini na tano.

"Zilizobaki?"

"Mia moja na themanini na tano."

"Nusu kwa nusu," akasema mzee taratibu. "Nilikwambia." Na alilia hapo hapo, bila kuficha uso.

Kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni mwake Robo alikuwa ameandika hesabu ya kweli. Zilizotoka zilikuwa mia na kumi tu. Boba ile ilikuwa na kilo mia mbili na sitini, na wala haikuwa na haya. Vyuma vyote vilivyovuliwa alishampakilia mnunuzi wa chakavu wiki iliyotangulia, akimwambia baba yake kwamba vinaziba njia. Ukweli ni kwamba aliogopa Shangazi asije akavipima siku moja kwa udadisi wake.

Alikuwa na mpango. Watu waongo huwa na mpango daima. Jumapili asubuhi watampandisha mzee, yeye atashika nyuma, Shangazi atashika usukani. Injini itawashwa, mzee atasikia mngurumo na mtetemo, kisha Robo atatangaza kwamba klachi inateleza na safari iahirishwe. Ataahirisha wiki hiyo, na inayofuata, mpaka Mungu alete lake. Alipolala usiku ule aliuona mpango huo ni mzuri.

Jumapili mzee aliamka kabla ya wote. Alitaka koti lake la ngozi. "Lipo kwenye sanduku la chini ya kitanda cha shangazi yako," akasema. Robo alimkalisha kwenye kiti chake pale gereji, hatua tatu kutoka kwenye boba, akamwambia asijitikise. "Nijitikise niende wapi?" mzee akauliza.

Koti lilikuwa chini kabisa, chini ya mapazia ya zamani. Shangazi alikuwa akitafuta miwani yake ili amsaidie kutafuta. Ndipo waliposikia kishindo kizito, cha mara moja, kisha kimya. Hata mzee hakupiga kelele.

Walimkuta chini. Alikuwa amejiburuta, akapanda, akakaa barabara kabisa kwenye kile kiti kimoja, akashika usukani kwa mkono wake, na akaiinua boba kutoka kwenye stendi. Aliiinua kweli. Kisha ikafika katikati, ikavuka katikati, ikaegemea kushoto, upande wa mguu usio na jipya. Ikamlalia pajani.

"Kaka!" Shangazi alipiga ukelele. "Kaka yangu!"

Robo aliiinua peke yake kwa nguvu ambazo hakuzijua, na baba yake alikuwa akimtazama kutoka sakafuni, uso umekunjamana kwa maumivu. Hakuwa akiutazama mguu wake. Alikuwa akitazama jinsi binti yake alivyoiinua.

Paja lilivunjika sehemu mbili. Wiki tatu hospitali, kisha akarudishwa nyumbani na maelekezo ya jinsi ya kumgeuza kitandani ili asipate vidonda. Daktari alisema kusimama tusahau. Alisema hivyo hivyo, "tusahau", kana kwamba naye alikuwa sehemu ya familia.

Mzee aliomba kitanda kigeuzwe ili uso uelekee dirishani, asilazimike kuuona ukuta. Siku ya pili akamwita Robo.

"Kilo mia moja na themanini na tano," akasema. "Hata shangazi yako na uzee wake angeisimamisha. Mimi imenishinda kabla sijavuta pumzi. Nilidhani kuna kitu kinarudi, mwanangu. Hakukuwa na kitu. Nimekwisha, na heri nimejua. Iuze."

Robo akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amelitayarisha neno lile kwa siku ishirini na moja, akalimeza kila mara Shangazi alipoingia na sufuria. Sasa lilimtoka lote. Kwamba sanduku lilikuwa sita na si kumi na moja. Kwamba kiti cha mama kilikuwa mbili na nusu. Kwamba boba ina kilo mia mbili na sitini, ambazo hata mtu mzima mwenye miguu miwili angezionea shaka. "Uliinua kilo mia mbili na sitini kutoka kwenye stendi kwa mkono mmoja, baba. Umenisikia? Hukushindwa wewe. Nimekuangusha mimi."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushusha mkono wa kulia juu ya kichwa cha binti yake, na Robo akahisi jinsi ulivyokuwa mwepesi.

"Tangu utoto una huruma," akasema. "Umemrithi mama yako. Lakini uongo hukujaliwa. Mkono huu haujawahi kukosea, Robo. Nilikisia, wewe ukasoma mizani, vikalingana. Kila mara."

"Vililingana kwa sababu nilivilinganisha!"

"Haya, haya. Usilie."

Robo akainuka mbio hadi gereji, akarudi na betri ya akiba mkono mmoja na mizani mkono wa pili. Akaivuta meza karibu na kitanda. "Kisia hii. Kisia, halafu tupime, Shangazi ndiye atakayesoma. Shangazi! Njoo na miwani yako!"

Mzee aliitazama betri. Akautazama mkono wake uliokuwa juu ya shuka. Kisha akauingiza chini ya shuka, polepole, mpaka kiwiko.

"Ondoa hicho kitu," akasema.

"Baba, nakuomba. Mara moja tu."

"Nimesema ondoa. Miguu umeshaichukua. Huu mkono niachie."

Robo alisimama pale na betri yake, na Shangazi mlangoni na miwani usoni, hana cha kusoma. Betri ikarudi gereji.

Mnunuzi alipatikana baada ya siku chache, mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mtu wa miraba minne anayebeba magunia ya unga asubuhi kama mito ya kulalia. Hakuwahi kufika pale kabla. Alikuja mchana, akaizunguka boba akipiga miluzi, akausifu mshono, akauliza kama anaweza kuipanda. Dirisha la chumba cha mzee lilikuwa wazi.

Akapanda. Akashika usukani, akaiinua kutoka kwenye stendi, na boba ikamyumbisha. Ilibidi akanyage chini kwa nguvu mguu wa kushoto.

"Lo!" akasema kwa sauti iliyojaa uwanja. "Mama yangu, mbona nzito hivi? Kwa macho nilidhani baiskeli! Hii haikosi kilo mia mbili na hamsini, na zaidi!"

Robo alilitazama dirisha. Akamwacha mwokaji pale pale, akakimbia ndani, akampita Shangazi ukumbini, akaingia chumbani akihema.

"Baba! Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Simjui yule mtu, baba. Haki ya Mungu simjui, leo ndiyo mara ya kwanza. Anabeba unga kila siku, anajua uzito. Sikumwambia chochote!"

Mzee alikuwa akitazama nje, kule mwokaji alikokuwa bado anasukumana na boba, anacheka peke yake na kujaribu tena.

"Umempanga vizuri," akasema. "Hata kushangaa amejua kushangaa."

"Baba..."

"Funga dirisha, mwanangu. Umenihurumia, imetosha."

Robo akalifunga.